Iliyonikatalia

Meneja Nduhiye alinipa wiki mbili
na laptopu iliyong'oka herufi moja,
akasema: chagua programu, uuchore mtambo wetu humo ndani,
boila, turbini, kondensa, bomba kwa bomba,
tujue kabla ya kununua chuma
kama makapi ya chikichi yatawasha Mwandiga nzima
au tutabaki kujimulikia wenyewe.

Zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuja na muuzaji wa kwenye simu,
sauti laini, bei
ya trekta mbili na madereva wake.
Nikaifungua, ikang'aa kama bati jipya.
Ikauliza hewa ya nje ina nyuzijoto ngapi,
na kabla sijajibu ikajijazia: kumi na tano.
Kumi na tano!
Nikacheka peke yangu, jasho likidondokea vibonye.
Kwa nyuzi kumi na tano
mawese ya hapa yangeuzwa kwa kisu.
Katika orodha ya kuni zake mlikuwa na gesi, makaa, dizeli,
hata taka za miji.
Chikichi, hakuna.

Ya pili ni lahajedwali langu la tangu chuo,
kiraka juu ya kiraka,
nalipenda kama suruali niliyojishonea
na mguu mmoja mfupi.

Ya tatu, ya bure. Haina picha.
Maelezo yake kurasa tisa, na wa tisa ni shukrani.
Unaiandikia milinganyo kama barua ya posa,
ukikosea nukta, inanuna.

Bigirwa, mchochea boila, akanitupia daftari:
"Zijaribu kwa hili."
Miaka sita ya vipimo, saa kwa saa,
karatasi zimekunywa mawese
hadi ukurasa wa leo unauona wa kesho.

Nikachagua usiku mmoja wa Machi, usiku wa mvua.
Ya kwanza ikazimeza namba zote,
ikanichorea mvuke mwekundu ukipoa kuwa bluu;
meneja akainama, akasema, "Hii hii."
Lahajedwali nalo likakubali.
Mimi ndiye niliyelifunza kukubali.
Ya tatu ikazunguka. Ikazunguka.
Ikaandika: suluhu haikupatikana.

Nikafuta, nikaanza upya. Mara nne.
Suluhu haikupatikana.

Maana joto nalo lina mizani:

    kiingiacho jikoni, lazima kipate njia,
    ama mvuke hewani, ama ni nuru ya taa

na usiku ule kilowati mia mbili
ziliingia, hazikutoka popote.

Nikarudi daftarini.
Saa saba: mia tatu na saba.
Saa nane: mia tatu na saba.
Saa tisa, saa kumi, vilevile.
Nje mvua, makapi yamelowa,
na mvuke usitikisike hata nukta?
Nikautazama mwandiko. Umelalia kulia,
na kila saba ina mkia.

Mkia ule naujua.
Nilikuwa mwanafunzi, niko mafunzoni miezi minne,
nikalala juu ya magunia, ubavuni mwa boila,
penye joto tamu;
alfajiri nikaujaza usiku mzima
kwa pumzi moja.

Nilimwonyesha Bigirwa. Hakushangaa.
"Moto ulishuka sana usiku ule," akasema.
"Nikachochea peke yangu. Ningekuamshaje,
ulikuwa unakoroma kama pampu."
Akarudi kwenye koleo lake.

Meneja aliuliza kwa nini hii ya bure, isiyo na rangi.
Nikaandika: kwa sababu ilinikatalia.
Nikafuta.
Nikaandika sentensi ndefu, ya kiofisi, kuhusu gharama,
akatia saini.

Jioni niliifungua upya.
Joto la hewa ya nje, iliuliza,
na kisanduku chake kilikuwa kitupu, hakijajijazia kitu.
Nikachukua kipimajoto,
nikatoka nje kwanza.